Ngumi Upande wa Kushoto

Trekta lilikufa Jumatatu saa nne asubuhi, kando ya shimo la samadi, kijiko kikiwa kimejaa. Halikuaga mtu. Lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweusi, likazima, na tangu hapo hata ulibembeleze vipi, lilinyamaza kama mkwe aliyenuna. Fundi wa shamba alifungua boneti, akaingiza kichwa, akakaa humo muda ambao mtu mwingine angekula akashiba. Alipotoka alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Injini imekamata, haizunguki tena," alisema. "Hapa hatuliwezi. Lipelekwe karakana ya mjini."

Dereva wa trekta hilo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na shamba zima la ng'ombe wa maziwa lilimwita Mama Kijiko. Asiyejua angedhani ni mpishi. Kijiko chenyewe ni lile sanduku la chuma lililokaa mbele ya trekta, juu ya mikono miwili mirefu ya chuma, la kuzolea samadi, majani makavu na kila kizito ambacho wanaume wa shamba walikuwa wakikitazama na kukumbuka ghafla kwamba wameitwa kwingine. Alikuwa amelishika trekta hilo miaka kumi na tisa. Mwanzoni walikuja watu kumcheka, mwanamke juu ya trekta. Walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili walikuja kumwomba awanyanyulie magogo.

Sasa Mama Kijiko alikuwa na siri, na heri tuiseme mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakuisema: jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Halikuuma wala halikuwa jekundu. Lilianza kuliwa pembeni, kidogo kidogo, kama gunia linavyoliwa na panya, hadi siku moja akajikuta anagonga mwimo wa mlango wake mwenyewe. Alikwenda hospitali peke yake, akaambiwa ni presha ya macho. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, daktari alisema, lakini dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Mama Kijiko aliuliza swali moja tu.

"Nitaendelea kuendesha?"

"Mtambo mzito? Hapana, mama."

Alishukuru, akakunja karatasi ya dawa akaitia kwenye pochi, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa juu ya trekta. Usimwone mjinga. Mshahara ni mshahara, na mwenye nyumba haoni huruma, lakini si hilo lililompandisha. Tangu mumewe afariki, kila alikopita alikutana na sauti za kumhurumia, zile za pole zisizokwisha, hata za watu waliomfahamu kwa mbali. Pale juu kwenye kiti hakuna aliyemwita mjane. Pale watu walimpungia mkono na kumwambia aharakishe. Wakimteremsha pale, alifikiri, nitabaki nani?

Basi akajifunza kuishi na jicho moja bila mtu kujua. Aligeuza shingo kila mara kama kuku anayesikiliza mwewe, na watu wakamsifu kwa uangalifu. Uwanja wa shamba aliujua kwa moyo: nguzo iko wapi, mfereji uko wapi, ng'ombe gani ana tabia ya kulala njiani. Mwaka mzima na nusu hakugonga kitu.

Mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi alikuwa huyo fundi, mdogo wake marehemu mumewe, kwa hiyo shemeji yake. Utani wa mashemeji walikuwa nao, ila wa kimyakimya, kwa sababu ya trekta. Lilikuwa na kelele za kuamsha maiti, na katika kelele zile wawili hao walikuwa wamejitengenezea lugha ya mikono. Kiganja kikisukuma hewa, songa mbele. Kidole kikielekea upande, geuza huko. Ngumi juu, simama. Na mikono ikiwa chini, haionekani, maana yake mambo sawa, endelea ulivyo. Walikuwa wameizoea hivi kwamba hata wakinywa chai bandani, mahali pasipo na kelele yoyote, fundi aliomba sukari kwa vidole viwili. Siku akitaka kumchokoza aliinua vitano.

Alhamisi lori lilikuja, likivuta trela refu la chini lenye ngazi mbili za chuma nyuma, za kupandishia mitambo. Dereva wake alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye haraka ya mtu aliyechelewa tangu jana.

"Saa sita niwe barabarani," alisema kabla hata hajasalimia. "Ndiyo hili? Mbona limepiga magoti?"

Kweli lilikuwa limepiga magoti. Kijiko kilikuwa chini, meno yake yameuma ardhi, na bila injini hakuna nguvu ya kukinyanyua. Kulivuta trekta hivyo ingekuwa kulima uwanja. Kukifungua kijiko nako hakukuwezekana. Pini zilishika kutu, na fundi alisema kuzitoa ni kazi ya siku nzima na matusi yake. Wakaitoa samadi kwa sepetu. Kisha fundi akaweka jeki chini ya mikono ya kijiko, akanyanyua, akaweka gogo, akashusha jeki, akaweka gogo chini ya jeki, akanyanyua tena, hadi kijiko kikawa juu kiasi cha kutogonga trela. Akakitegemeza kwa nguzo mbili za mti, moja kila upande, akafunga na mnyororo.

Shida ni kwamba kijiko kikiwa pale juu, aliyekaa kwenye kiti haoni mbele ila chuma.

"Nani atapanda?" dereva wa lori aliuliza. "Winchi yangu italivuta, lakini lazima mtu ashike usukani. Na nawaonya, usukani bila injini ni mzito kama deni la mahari."

Meneja wa shamba, kijana mwenye adabu aliyekuwa akivaa buti safi hata zizini, aliwatazama wakamuaji waliosimama kandokando. Kabla hajachagua, Mama Kijiko alikuwa ameshika mkono wa kiti.

"Mtu mwingine atapanda kufanya nini? Linanijua mimi."

Shemeji yake alimtazama kitambo. Akapita kwenda kusimama upande wa kulia, akaukuta ukuta wa shimo la samadi, pasipo na hata nafasi ya kuweka mguu. Akarudi. Alisimama kushoto, karibu na ngazi, akaweka viganja mbele ya kifua.

Mpango ulikuwa rahisi. Fundi angeangalia magurudumu na kumwonyesha Mama Kijiko kwa mikono. Mama Kijiko angegeuza usukani, na pakiwa na tatizo angempigia kelele dereva wa lori, aliyekuwa mbele kabisa ameshika kitufe cha winchi na haoni chochote nyuma ya kijiko. Winchi ikaanza kuvuma, haina sauti zaidi ya cherehani. Kamba ya chuma ikakaza. Trekta likatikisika, likaanza kusogea, polepole, na magurudumu ya mbele yakapanda ngazi.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mama Kijiko aligeuza kichwa kushoto hadi shingo ikamuuma, akamwona shemeji yake amesukuma kiganja: njoo, njoo. Kidole kikaelekea kulia. Akauvuta usukani kwa nguvu za mabega yote mawili, jasho likamtoka. Kidole tena. Akauvuta tena. Ndipo gurudumu kubwa la nyuma likagonga jiwe upande wa shimo, trekta likashtuka, naye akageuka kulia kuangalia. Alipogeuka kurudi kushoto, shemeji hakuwepo.

Alikuwepo. Alikuwa amesogea hatua mbili nyuma tu, ameingia mahali ambapo jicho lile halikuwa na kitu tena. Gurudumu la mbele lilikuwa linateleza kuelekea ukingo wa ngazi, na fundi alikuwa ameinua ngumi. Akainua ngumi ya pili. Akazitikisa zote mbili juu ya kichwa, mdomo wazi, na hakutoa sauti. Injini ilikuwa imekufa siku tatu. Uwanja ulikuwa kimya, nzi akipita unamsikia. Neno moja tu lingetosha. Lakini miaka kumi na tisa alikuwa akimwambia mwanamke huyu simama kwa ngumi, na mwili wake haukujua njia nyingine.

Mama Kijiko hakuona mikono. Na kwao wawili mikono isiyoonekana maana yake ni mambo sawa, endelea ulivyo. Akaendelea.

Gurudumu likatoka ngazini kwa kishindo. Trekta liliinama kushoto, nguzo moja ikafyatuka kama punje ya mahindi kwenye moto, mnyororo ukakatika, na kijiko chote kikaanguka pale pale aliposimama fundi. Wakamuaji walipiga ukelele. Winchi ikazimwa. Vumbi lilipotulia, kijiko kilikuwa kimezama ardhini nusu mkono, na fundi alikuwa amelala chali hatua moja kando, alikojirusha, suruali imechanika gotini, kiwiko kinatoka damu, anaitazama mbingu kama anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Mzima?" meneja alikuja mbio. "Fundi, mzima wewe?"

"Mzima."

"Nani alikuwa anaongoza?"

Fundi aliinuka taratibu. Alipangusa kiwiko, akatazama chini.

"Mimi," alisema. "Nilichelewa kupiga ishara. Kosa langu."

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameogopa, na mtu mwema akiogopa huweza kuwa mkali kuliko mbaya. "Miaka yote hii, fundi! Mtu angekufa hapa! Kusanya vifaa vyako, nenda nyumbani. Usirudi mpaka mwenye shamba aamue, na mimi sitamficha kitu."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta spana zake. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na mwenye shamba hakuwa na sifa ya kusamehe.

Mama Kijiko bado alikuwa juu, ameushika usukani kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameelewa. Mtu asiyekuwepo pale hawezi kuangukia pale. Basi alikuwepo, na kama alikuwepo, ishara ilikuwepo. Angeweza kunyamaza. Tusimpambe: alinyamaza kweli. Kwa pumzi tatu, labda nne, aliacha kosa limkae shemeji yake, kwa sababu alikiona kiti kile kinaponyoka chini yake na alikipenda kuliko alivyopata kumwambia mtu. Kisha akamwona fundi anainama kuokota spana, anaipangusa kwa suruali iliyochanika, anaipanga kwenye sanduku mahali pake, kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Akaona aibu iliyomchoma hadi kwenye nyayo.

"Meneja," aliita. "Hakuchelewa. Alipiga ishara."

"Shemeji, nyamaza," fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Wewe ndiye unyamaze, si ndiyo kazi yako? Meneja, alipiga ishara, mimi sikuiona. Jicho langu la kushoto halioni. Mwaka na nusu sasa. Daktari alinikataza kuendesha."

Dereva wa lori, aliyekuwa akinung'unika juu ya saa sita yake, aliiacha saa akamgeukia.

"Mama," meneja alisema taratibu, "ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniteremsha."

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

Fundi akasimama wima, spana mkononi.

"Nilijua," alisema. "Kwa hiyo kosa langu liko palepale. Nilijua tangu msimu wa mvua uliopita. Nikawa nasimama kulia kwake kila siku ili anione. Leo kulia kuna shimo. Ilinipasa kusema, au kupiga kelele, nisisimame pale. Sikusema."

"Ulijuaje?" Mama Kijiko aliuliza.

"Ulilisalimia pipa la maziwa. Ukaliuliza habari za watoto."

Mmoja wa wakamuaji aliguna, akajifanya anakohoa.

"Lilinijibu vizuri kuliko wewe," Mama Kijiko alisema, akatazama pembeni.

Aliteremka mwenyewe. Meneja alinyoosha mkono kumsaidia, naye akaukubali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Miguu ilipogusa ardhi aliuachilia mkono wa kiti.

Lakini trekta lilikuwa bado limening'inia nusu ngazini, na saa sita ilikuwa inakuja. Walilinyanyua gurudumu kwa jeki wakalirudisha mahali pake. Wakapandisha kijiko upya, gogo juu ya gogo, wakaweka nguzo nene zaidi, mnyororo ukakunjwa mara mbili. Fundi akafunga kiwiko kwa leso ya meneja. Halafu akapanda kwenye kiti yeye mwenyewe, akashika usukani, akatazama mbele na kuona alichokuwa akikiona shemeji yake: ukuta wa chuma na mbingu kidogo.

"Nani ataniongoza?" aliuliza.

Wote walitazamana. Gurudumu lile lina tabia yake: ukiligeuza linakaa kidogo kabla ya kukubali, na likikubali linapitiliza. Hakuna aliyelijua hilo ila mmoja.

"Meneja," fundi alisema, "shemeji haruhusiwi hata kusimama chini kwa miguu yake?"

Meneja alifikiri. "Asimame mbali," alisema. "Mbali na kijiko, tafadhali."

Mama Kijiko akasimama mbali, upande ambao ngazi zote mbili zilikaa mbele ya jicho lake zima. Akainua kiganja kwa mazoea. Fundi akatikisa kichwa.

"Mikono wacha. Sema. Mimi masikio ninayo mawili."

Winchi ikavuma. Mama Kijiko akafungua mdomo, na neno likagoma kutoka. Kazi hii hajapata kuifanya kwa sauti maishani mwake. Alijiona kama anayeambiwa aimbe mbele ya wageni.

"Kulia," alisema, kwa sauti ndogo.

"Sisikii!"

"Kulia! Kidogo! Kidogo nimesema, unageuza trekta au unageuza dunia? Subiri. Litakubali lenyewe. Hapo. Sasa rudisha, rudisha kabla halijapitiliza. Hivyohivyo. Usiuonee huruma usukani, uvute. Njoo. Njoo. Njoo."

Magurudumu ya mbele yakavuka ngazi. Yakafuata ya nyuma, makubwa, yenye samadi kavu katikati ya meno yake, ngazi zikilia kwa uzito. Dereva wa lori aliendelea kubonyeza huku akitabasamu kwa yale matusi ya kishemeji. Na Mama Kijiko akaendelea kusema, sauti imefunguka sasa, mpaka trekta lote likakaa juu ya trela, limenyooka, katikati kabisa.

"Simama!" akasema, na fundi akakanyaga breki, winchi ikazimwa.

Walilifunga kwa minyororo minne. Saa sita na robo lori likatoka getini. Meneja alimfuata Mama Kijiko, akajaribu kusema habari za kazi nyingine, kuandika vipimo vya maziwa, au kumfundisha dereva mpya trekta likirudi. Alisema hatapeleka habari kwa mwenye shamba mpaka wakae wazungumze, na fundi asiende popote. Alikuwa anasema vizuri. Mama Kijiko alimjibu asante mwanangu, nitafikiri, kisha akaenda nyuma ya banda la majani na kulia. Alilia kwa sauti, amekaa juu ya mzigo wa majani makavu, na macho yote mawili yalitoa machozi sawasawa, hata lile lisiloona.

Jioni, kazi ilipokwisha, alimkuta shemeji yake getini. Nyumba zao zilikuwa barabara moja, lakini fundi hakuwa na desturi ya kumngoja. Alijiweka kushoto kwake bila kuuliza, wakaanza kutembea.

"Matone unatia?" fundi aliuliza.

"Hapana. Niliona nikiyatia nimekubali."

"Na la kulia?"

"Leo linaona."

"Kesho twende kwa daktari. Nimeshaomba ruhusa yangu na yako."

"Nani alikutuma?"

"Marehemu," fundi alisema. Kisha, kwa kuwa upande huo hakuwa anaonekana, akaanza kuongea. Mtu yule aliyeomba sukari kwa vidole aliongea juu ya kiwiko chake, juu ya mtoto wake wa tatu asiyependa hesabu, juu ya dereva wa lori na tumbo lake. Alionya kuna jiwe, kuna baiskeli inakuja, kuna dimbwi. Alirudia habari ya pipa la maziwa na kuiongezea chumvi. Hakuwa fundi wa kuongea, hadithi zake zilianzia katikati na hazikufika mwisho.

"Hebu pumzika," Mama Kijiko alisema. "Umenichosha masikio."

Akanyamaza. Walikwenda hivyo hatua kumi, labda kumi na mbili, viatu vyao tu vikisikika, na kushoto kwake hakukuwa na kitu.

"Shemeji," akaita. "Uko wapi?"

"Nipo."

"Basi sema."